Kufundisha Uchoraji wa Picha ya Mtu: Mfano wa Mwanamke Mnene

Utangulizi

Kuchora picha ya mtu aliye hai ni miongoni mwa kazi zinazompa mwalimu wa sanaa shida kubwa. Mwanafunzi awezaye kuchora chungu, jembe au mti kwa ustadi wa kuridhisha, mara nyingi hubabaika anapowekewa mtu mbele yake. Na akiwekewa mtu mnene, hasa mwanamke mnene, shida huzidi: mkono wake huacha kuchora, huanza kufanya mzaha. Duara moja kubwa huwa tumbo, maduara mawili madogo huwa mashavu, na kazi imekwisha. Darasa hucheka, naye mchoraji hujiona ameshinda.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kufundisha somo hili kwa wanachuo wa ualimu, na kisha namna mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kulirekebisha kwa ajili ya watoto. Tutaanza kwa kutazama utaratibu wa kazi wa wachoraji wawili wa Uingereza, Lucian Freud na Jenny Saville, ambao picha zao za wanawake wanene zimejulikana mahali pengi duniani. Hatudai kwamba kila walilofanya lafaa kuigwa. Tumewachagua kwa sababu utaratibu wao unaeleweka hatua kwa hatua, na mwalimu aweza kupima mwenyewe lipi limfae na lipi aliache.

Hoja yetu ni moja. Neno "mnene" humfikia mwanafunzi kabla jicho lake halijafika kwenye mwili anaoutazama. Akishalipata neno hilo hudhani kuwa ameshaona, na huchora neno badala ya mtu. Kazi ya mwalimu ni kulichelewesha neno hilo mpaka jicho limalize kazi yake.

Kwa nini somo hili lifundishwe

Sababu ya kwanza ni ya ufundi. Mambo matatu ambayo kila mchoraji wa watu hana budi kuyajua ni ujazo, uzito na mwanga. Katika mwili mwembamba mambo haya yamejificha, na mwanafunzi aweza kuyakwepa kwa kuchora mistari ya mifupa na nguo. Katika mwili mnene hayakwepeki. Mkono wa juu unaonekana wazi kuwa ni mviringo, si ubao. Paja linapokandamizwa na kiti hubadilika umbo. Mwanga unaotoka dirishani hupita polepole kutoka upande ulio mweupe hadi upande wa kivuli, bila kukatika ghafla. Kwa hiyo mwili wa namna hii ni kitabu kilichofunguliwa kwa mwanafunzi anayejifunza.

Sababu ya pili ni ya malezi. Katika jamii zetu nyingi unene umepewa maana mbili zinazopingana. Mtu huyohuyo husifiwa mbele ya uso wake kuwa ana afya na neema, na akishageuka hupewa jina la utani. Shuleni mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa mtoto mnene hupewa jina hilo mbele ya wenzake wote, na aghalabu hubaki nalo mpaka amalize masomo. Wanachuo wetu ndio watakaosimama mbele ya watoto hao. Ikiwa wao wenyewe hawajajifunza kumtazama mtu mnene pasipo kucheka, hatuoni watawafundishaje wengine.

Twajua pia kuwa wataalamu wa afya wana mengi ya kusema juu ya unene na maradhi. Hayo yana mahali pake na walimu wake. Somo la kuchora halimpimi mtu uzito wala halimpi ushauri. Linamtazama kama alivyo leo, kitini pake.

Utaratibu wa Lucian Freud

Lucian Freud alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1922. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1933, baada ya Wanazi kutwaa madaraka, naye alifariki London mwaka 2011. Babu yake alikuwa Sigmund Freud, daktari aliyeasisi elimu ya uchambuzi wa nafsi. Kati ya mwaka 1993 na 1996 alichora picha nne kubwa za Sue Tilley, mwanamke mnene sana, mfanyakazi wa ofisi ya serikali mjini London iliyowahudumia watu wasio na kazi. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya mwaka 1995, yenye upana wa zaidi ya mita 2, inayomwonyesha amelala usingizi juu ya kochi kuukuu. Mwezi Mei 2008 picha hiyo iliuzwa mnadani New York kwa dola za Marekani milioni 33.6, bei ambayo wakati ule ilikuwa kubwa kuliko zote zilizopata kulipwa mnadani kwa kazi ya mchoraji aliye hai. Tilley yeye alikuwa amelipwa ujira mdogo wa siku kwa kukaa na kuchorwa.

Jambo moja katika picha hiyo lastahili kuzingatiwa na mwalimu kabla ya mengine yote, nalo ni jina lake. Freud hakuiita "Mwanamke Mnene". Aliiita kwa cheo cha kazi cha mwanamke huyo: Msimamizi wa Mafao Amelala. Mtazamaji akisoma jina hilo hukutana kwanza na mtu mwenye kazi yake, aliyechoka na kupumzika. Ndipo aangalie mwili.

Sasa tutazame hatua za kazi yake.

Kwanza, muda. Freud hakuchora kutokana na picha za kamera wala kutokana na kumbukumbu. Mtu aliyechorwa alitakiwa awepo, siku baada ya siku, kwa miezi mingi. Hata alipokuwa akipaka sakafu au ukuta wa nyuma, Freud alipenda mtu huyo awepo chumbani, kwa kuwa aliamini kuwa kuwapo kwake hubadili kila kitu kilicho karibu naye.

Pili, msimamo na vifaa. Ujanani Freud alichora akiwa ameketi, kwa brashi nyembamba na laini. Katika miaka ya 1950 aliacha utaratibu huo, akaanza kuchora akiwa amesimama na kutumia brashi ngumu za manyoya ya nguruwe. Brashi ngumu hubeba rangi nzito, na mchoraji aliyesimama huweza kurudi nyuma, kusogea mbele na kulinganisha.

Tatu, mwanzo wa kazi. Alianza kwa kuchora mistari michache ya mkaa juu ya turubai. Kisha alianza kupaka rangi usoni, akaenea nje kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu. Ilipotokea picha kukua kuliko turubai, alikuwa tayari kuunganisha kipande kingine.

Nne, rangi. Alichanganya rangi upya karibu kwa kila mpako, na kuifuta brashi kwa kitambaa kabla ya kuchovya tena. Hivyo hapakuwa na "rangi ya ngozi" moja iliyopakwa mwili mzima. Kila mahali palipata rangi yake: goti, bega, kiganja. Tangu miaka ya 1970 alitumia rangi nyeupe nzito yenye madini ya risasi, inayojenga unene juu ya turubai. Rangi hiyo ina sumu, na kwa hiyo haifai kamwe kuletwa shuleni.

Tano, tabia ya jicho. Freud mwenyewe alipata kueleza kuwa, alipoanza kumchora Tilley, jicho lake lilivutwa kwanza na mambo yasiyo ya kawaida yaliyotokana na ukubwa wa mwili wake. Maneno hayo yana faida kubwa kwetu. Hata mchoraji aliyekuwa na ujuzi wa miaka 50 alivutwa na ukubwa kwanza. Kilichomtofautisha na mwanachuo wetu wa mwaka wa kwanza ni kwamba hakuondoka hapo. Aliendelea kutazama mwezi baada ya mwezi.

Jenny Saville na mistari ya ramani

Jenny Saville alizaliwa Cambridge mwaka 1970, akasomea sanaa Glasgow. Katika picha zake za kwanza zilizojulikana alitumia mwili wake mwenyewe, akaukuza mpaka ukaijaza turubai pande zote. Picha moja ya mwaka 1992, inayoonyesha mwanamke aliyeketi juu ya kigoda kirefu, iliuzwa London mwaka 2018 kwa pauni milioni 9.5, bei iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizopata kulipwa mnadani wakati huo kwa kazi ya mchoraji mwanamke aliye hai.

Picha yake inayotuhusu zaidi ni ile ya mwaka 1993 iitwayo Mpango. Mwanamke anaonekana kutoka chini, na juu ya mwili wake imechorwa mistari ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Mistari hiyo yakumbusha alama ambazo daktari wa upasuaji huchora mahali anapotaka kuondoa mafuta. Lakini kwa mwalimu yakumbusha kitu kingine pia, nacho ni mistari ya kontua katika ramani. Mwanachuo aliyesoma Jiografia anajua kuwa mistari iliyokaribiana huonyesha mteremko mkali, na iliyoachana huonyesha mteremko mdogo. Akiambiwa autazame mwili kama autazamavyo mlima ulio kwenye ramani, huacha kutafuta ukingo wa nje tu, huanza kuuliza: hapa panainuka wapi, na panashuka wapi?

Tunachochukua na tunachoacha

Kwa Freud twachukua uvumilivu, kusimama, na kuchanganya rangi kwa kila mahali. Hatuchukui mwanzo wake wa kuanza usoni na kuenea nje, kwa sababu mwanafunzi asiyezoea vipimo akianza hivyo humaliza karatasi kabla ya kufika magotini. Kwa Saville twachukua mistari ya kontua.

Liko jambo jingine tunaloliacha. Picha zote tulizozitaja ni za watu walio uchi. Chuoni kwetu mtu anayechorwa, ambaye hapa tutamwita mchorwa, huvaa nguo zake za heshima, na somo halipungukiwi na kitu. Kinyume chake, kama tutakavyoona, khanga ni kifaa cha kufundishia ambacho wachoraji hao hawakuwa nacho.

Maandalizi ya somo

Madhumuni: Mwishoni mwa vipindi vitatu vya dakika 80 kila kimoja, mwanachuo aweze kuchora picha ya mtu aliyeketi, yenye vipimo vya kuridhisha, inayoonyesha ujazo, uzito na mwanga, na ambayo mchorwa mwenyewe aweza kujitambua ndani yake.

Vifaa: Karatasi kubwa, mkaa wa kuchorea, mbao za kuegemeza karatasi, uzi wenye jiwe dogo mwishoni kwa ajili ya timazi, chaki, kigoda, na doti moja ya khanga. Kwa kipindi cha tatu, rangi za unga. Zisipopatikana, udongo mwekundu na wa manjano uliochekechwa, unga wa mkaa, chokaa na buluu ya kufulia, vikichanganywa na gundi ya uji wa muhogo, vyatosha.

Kumpata mchorwa: Hapa pana hatari, na mwalimu awe mwangalifu. Asimteue mwanachuo mnene aliyemo darasani, maana huyo hawezi kukataa bila kuaibika, wala kukubali bila kuumia. Amtafute mtu mzima wa nje, amweleze kazi yote waziwazi, amwonyeshe chumba, na amlipe. Sisi tulimwomba mama mmoja wa makamo auzaye maandazi karibu na chuo. Tulimweleza kuwa wanachuo ni wageni wa kazi hii, na kwamba michoro ya kwanza haitakuwa mizuri. Alifikiri siku mbili, akakubali kwa masharti mawili: apangiwe saa za mchana baada ya biashara, na aruhusiwe kuitazama kila karatasi.

Kipindi cha kwanza: kutazama na kupima

Mchorwa huketi kwenye kigoda, ubavu wake mmoja ukielekea dirishani. Mwalimu huzungusha chaki sakafuni kando ya nyayo zake na miguu ya kigoda, ili akiinuka kupumzika aweze kurudi palepale. Hukaa dakika 20 na kupumzika dakika 5. Wanachuo husimama nusu duara. Huingia kwa adabu, humwamkia, na humwita Mama kama wamwitavyo nje.

Kwa dakika 20 za mwanzo mwalimu hasemi neno. Wanachuo huchora wapendavyo, kisha karatasi hupangwa ukutani. Katika darasa letu nyingi zilikuwa maduara tuliyokwisha kuyataja. Mama alipita akizitazama moja moja, akasema, "Wanangu, huyu mliyemchora mimi simfahamu. Ila kigoda changu mmekipata vizuri."

Na kweli kigoda kilikuwa kimechorwa barabara: miguu yake mitatu, ufa ubaoni, hata msumari uliojitokeza. Tuliwauliza wanachuo kwa nini kigoda kimefanana na mama hakufanana, hali wote wawili walikuwa mahali pamoja na katika mwanga mmoja. Baada ya kimya kirefu mmoja wao alijibu kuwa juu ya kigoda hawakuwa na la kusema. Jibu hilo tuliliandika ubaoni, na hatukulifuta mpaka vipindi vyote vitatu vilipokwisha.

Ndipo mafunzo ya vipimo huanza. Mwanachuo hunyoosha mkono, hufumba jicho moja, na hupima kichwa cha mchorwa kwa kalamu. Kichwa hicho ndicho kipimo cha yote. Mtu mzima akisimama, kimo chake ni karibu vichwa saba au saba na nusu. Mtu mnene hana vichwa zaidi wala pungufu kwa kimo. Kinachobadilika ni upana. Mwanachuo apime: mabegani ni vichwa vingapi? Kiunoni je? Magotini je? Ayaandike majibu pembeni mwa karatasi kabla ya kuchora chochote. Tarakimu humtuliza, kwa maana hazina utani ndani yake.

Kisha hutafuta mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi: paji la uso, mtulinga, kiwiko, kifundo cha mkono, goti, ugoko, kifundo cha mguu. Kwa timazi huangalia kipi kiko chini ya kipi. Mahali hapo ni kama nguzo za nyumba. Mwanachuo aliyeziweka nguzo sawasawa aweza kujenga mwili wa ukubwa wowote juu yake, na nyumba isianguke.

Kipindi cha pili: ujazo na uzito

Khanga huja kwa doti, yaani vipande viwili. Kimoja mchorwa hujifunga kiunoni, na cha pili hujitanda mabegani. Kila kipande kina pindo kuzunguka kingo zake zote, mji katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo karibu na pindo la chini. Likiwa limetandikwa mezani, pindo ni mstari ulionyooka. Likiwa mwilini, hupanda juu ya bega, hushuka, huzunguka mkono wa juu na kupotelea nyuma. Hilo ndilo kontua. Mwanachuo alichore pindo tu, pasipo mwili, kwa kufuata kila mpindo wake. Akimaliza atashangaa kuona kwamba mwili umejitokeza wenyewe.

Jina la khanga husaidia vilevile. Herufi zinazomwelekea mtazamaji huwa pana. Zinazogeukia ubavuni hubanana na kuwa nyembamba. Mwanachuo anayeziandika zote kwa upana mmoja huufanya mwili kuwa bapa kama ukuta. Akizichora kama anavyoziona, mviringo hutokea bila kupaka kivuli hata kidogo.

Baada ya ujazo huja uzito. Mwalimu aulize: uzito wa mtu huyu unafika wapi? Jibu la haraka ni "kitini". Lakini akitazama vema ataona kuwa sehemu hufika kitini, sehemu hupitia miguuni hadi sakafuni, na sehemu hubebwa na mkono uliowekwa juu ya paja. Mahali ambapo mwili unagusa kitu kigumu, umbo hutanda na mstari huwa mzito. Mahali ambapo hauguswi na kitu, mstari huwa mwepesi. Mwanachuo akandamize mkaa pale penye uzito na aulegeze pale pasipo nao. Kwa njia hii mchorwa huketi kweli, haelei hewani.

Kipindi cha tatu: mwanga na rangi

Mwanachuo huanza kwa kufinya macho, ili aone sehemu tatu tu: ya mwanga, ya kati na ya kivuli. Huzipaka kwa mkaa, kisha hufumbua macho na kutafuta yaliyomo ndani ya kivuli. Chini ya kidevu, kwa mfano, kivuli si cheusi tupu. Mwanga wa nguo hurudi juu na kukiangaza. Khanga nyekundu hutia wekundu shingoni, na nyeupe hutia weupe.

Katika rangi, kosa kubwa ni kuchanganya kahawia moja na kupaka mwili wote, halafu kuongeza nyeusi kwa ajili ya kivuli. Ngozi yetu haiko hivyo. Bega linaloelekea dirishani huchukua ubuluu wa mbingu. Shavu na sikio vina wekundu. Kiganja ni cha manjano zaidi, na mkunjo wa kiwiko una rangi nyingine tena. Hapa ndipo utaratibu wa Freud unapofaa: kuchanganya upya kwa kila mahali, na kufuta brashi kabla ya kuchovya. Tuliwataka wanachuo wachanganye rangi 12 za ngozi wakimtazama mchorwa, na waandike kando ya kila moja ni ya mahali gani. Waliodhani watakwama kwenye rangi ya nne waliomba nafasi ya kuongeza.

Mikunjo ya mwili huwatia wanachuo hofu. Wengine huiacha kwa kuona haya, wengine huizidisha kwa mzaha. Mwalimu awaambie kwamba mkunjo ni kivuli chenye mwanzo na mwisho, kama mkunjo wa pazia. Huanza mahali fulani, huwa na giza zaidi katikati, kisha huisha polepole. Anayeuchora kama mstari mmoja mweusi mwanzo hadi mwisho hajauona.

Tathmini

Tathmini ya somo hili tunaigawa sehemu tatu: vipimo, ujazo na uzito, mwanga na rangi. Kila mwanachuo huweka mchoro wake wa kwanza kando ya wa mwisho, huandika nusu ukurasa kueleza tofauti, na husoma alichoandika mbele ya wenzake.

Lakini mtahini wa mwisho ni mchorwa. Siku ya kipindi cha tatu mama alizipitia karatasi tena kwa utaratibu uleule. Nyingine alizipita kimya. Mbele ya moja alisimama, akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akasema, "Huu mkono ni wangu. Hivi ndivyo ninavyoushika nikiwa nasubiri mafuta yachemke." Mwanachuo aliyeuchora hakuwa hodari kuliko wenzake kwa rangi. Alikuwa ameutazama mkono huo kwa kipindi kizima.

Katika nusu kurasa tulizosomewa, hapakuwa na hata moja iliyotumia neno "mnene", ingawa hatukuwa tumelikataza. Waliandika juu ya bega, pindo, uzito na mwanga. Neno halikuwa kosa. Ni kwamba halikuwa tena na kazi ya kufanya.

Kulirekebisha somo kwa shule ya msingi

Mwalimu wa shule ya msingi asilete somo hili darasani kama lilivyo. Twapendekeza afuate mambo haya:

1. Aanze na vitu: mtungi, boga, gunia lililojaa mahindi na gunia lililojaa nusu. Watoto wachore mahali gunia linapogusa sakafu. Hilo ni somo la uzito.

2. Avike mtungi khanga, watoto wachore pindo tu. Hilo ni somo la ujazo.

3. Watoto wafinyange kwa udongo mtu aliyeketi. Udongo haukubali duara bapa. Humlazimisha mtoto kufikiri pande zote.

4. Mchorwa wa kwanza awe mwalimu mwenyewe, aketi mbele ya darasa na akubali kutazamwa. Watoto wakicheka, wamcheke yeye, naye awaonyeshe namna ya kuendelea.

5. Asimweke kamwe mtoto mbele ya wenzake kwa sababu ya umbo lake, awe mnene, mwembamba, mrefu au mlemavu. Kielelezo cha somo kisiwe jeraha la mtu.

6. Mchoro wa mzaha ukitokea, asiuchane wala asimchape aliyeuchora. Amwulize: "Kiwiko chake kiko wapi? Mwanga unatoka upande gani?" Mtoto asiyeweza kujibu atarudi kutazama, na hilo ndilo tulilolitaka.

Hitimisho

Katuni ina mahali pake, na mchoraji wa katuni ni fundi kama mafundi wengine. Tunachokataa ni mwanafunzi kukimbilia mzaha kwa sababu hajui njia nyingine. Akishafundishwa kupima kwa kichwa, kutafuta mfupa, kufuata pindo, kuuliza uzito unafika wapi na kuchanganya rangi kwa kila mahali, atakuwa na njia hiyo, na uamuzi utakuwa wake.

Gharama za somo hili ni ndogo: mkaa, uzi na jiwe, doti ya khanga, na ujira wa mtu mmoja kwa siku tatu. Wakufunzi na walimu watakaolijaribu wasiondoe kipindi cha kwanza kwa kuona kuwa kinapoteza wakati. Bila mchoro ule wa kwanza ukutani, mwanachuo hatajua alikuwa anachora neno, wala hatajua siku alipoanza kumchora mtu.